Mvua ya Huko kwa Mdogo Wangu

Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Kisangani, komini ya Tshopo. Kila mwaka programu inanitaka niwaeleze wanafunzi mvua za nchi za baridi: namna hewa ya joto inavyopanda juu ya hewa baridi, mawingu yakafuatana, na upepo ukazunguka kitovu kinachosafiri kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwa Kifaransa mfumo huo tunauita dépression. Nilichora mistari myekundu na ya buluu ubaoni, wao wakanakili, mtihani ukapita, wakasahau. Mvua hiyo mimi mwenyewe sikuwahi kuiona. Yetu ndiyo ninayoijua: weusi unatokea mashariki, upepo unatikisa mabati, maji yanamwagika kwa hasira, na muda si mrefu wauza samaki wanafunua tena meza zao.

Kisha mdogo wangu akaolewa, akamfuata mumewe kaskazini mwa Ufaransa. Mume anaendesha lori na hulala njiani siku nyingi. Msimu wa baridi ulipokaribia, mdogo wangu akiwa na mimba ya kwanza, simu zake zilianza kuja na sauti ndogo.

“Yaya, huku mvua haina kelele,” aliniambia; yaya kwetu ni dada mkubwa. “Haikasirike. Inakaa tu. Nimefunga rido zote.”

“Fungua hayo mapazia, uangalie inje.”

“Niangalie nini? Asubuhi kijivu, mchana kijivu. Mimi nataka kurudia nyumbani.”

Mama alimwambia amwombe Mungu.

Kesho yake nilikuwa darasani na somo lile lile. Nilipoandika neno dépression, msichana mmoja akauliza, “Madame, ile si ugonjwa ya mawazo?” Darasa likacheka. Mimi nilibaki nimeshika chaki, nikimfikiria mdogo wangu nyuma ya mapazia yake.

Jioni nikampigia. Nikaanza kumuuliza upepo unatoka wapi, mawingu yako juu au chini. Akanikatiza.

“Yaya, mimi niko nalia, weye unaniletea masomo?”

Akakata simu. Nilijiona mpumbavu kweli.

Lakini siku iliyofuata ujumbe wa sauti uliingia, ukitoka kwake. “Bon. Nimefungua rido. Mvua imekatika. Juu sana kuko mawingu membamba, kama nyuzi. Na jua iko na duara ya mwangaza. Mawingu yanatokea upande wa kanisa, kule jua inalala.”

Niliusikiliza tena na tena. Ilikuwa michoro yangu yenyewe, ila sasa ilikuwa na kanisa. Nikamjibu: “Mawingu yatashuka. Leo mbingu itafunikwa, kisha mvua ndogo itanyesha muda mrefu. Baadaye kutakuwa vuguvugu kidogo, usidanganyike. Itakuja mvua kali, upepo utageuka utoke kaskazini-magharibi, baridi itaingia, na mbingu itafunguka.”

Nilisema kwa sauti ya mwalimu, lakini moyoni niliogopa. Vitabu ndivyo vilivyosema hivyo, si macho yangu. Nikikosea, nani angemfanya afungue tena yale mapazia?

Niliwaeleza wanafunzi, nao wakaanza kungoja pamoja nami. Ujumbe ulipofika tulikuwa darasani, na mvua yetu ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hatukusikia kitu. Tuliisongea simu, vichwa vikigusana. Kelele zilipopungua kidogo, sauti yake ikatoka:

“Yaya! Upepo umegeuka! Ilinyesha sana, kisha pwaa, mbingu buluu! Baridi inauma, lakini nimetoka. Nimefika mpaka ku boulangerie, nimenunua mkate. Naona mawingu makubwa meupe yanakimbia.”

Darasa zima likapiga makofi.

Sitasema kwamba alipona siku ile. Juma lililofuata alilia tena, akaenda kwa daktari, na mumewe akaomba safari za karibu ili alale nyumbani. Hayo ndiyo yaliyomsaidia zaidi kuliko mawingu yangu. Lakini aliniambia baadaye kwamba kilichokuwa kikimtisha ni kuamini kijivu kile hakina mwisho wala mpango. Alipojua kwamba ni kitu kinachopita, kina mbele yake na nyuma yake, aliweza kukingoja.

Mara moja mvua ilikwama kwao siku kadhaa, ikakataa kufuata nilichosema. Akanipigia kunishitaki: “Yaya, kitabu yako imedanganya!” Nikamweleza kwamba mifumo mingine huchelewa, huzibiwa njia. Akasema sawa, atangoja na hii.

Mtoto alizaliwa miti ilipoanza kuchipua, msichana. Siku hizi naanzisha somo lile kwa kuwasikilizisha wanafunzi sauti ya mama yake, kabla ya kugusa ubao. Swali lao la kwanza halihusu upepo. Wanauliza, “Madame, na mtoto, anaendelea muzuri?”