Kusoma Bila Kuruka

Mke wa mpaka rangi alikuwa na mdomo, hilo kwaya nzima ililijua. Mtu akilia mbele yake, alimpa mstari wa Biblia harakaharaka, kama anayefukuza kuku jikoni, kisha akaendelea na shughuli zake. Mistari yake yote ilikuwa ya ushindi. Ile ya vilio aliipita mbali, kama mtu anavyopita mbwa mkali.

Mumewe alisoma Biblia jinsi alivyopaka kuta: anaanza mwanzo, mkono wa kwanza wa rangi, anaacha ukauke, mkono wa pili. Hakuruka kitu, hata ile orodha ndefu ya fulani kumzaa fulani, mpaka mkewe akasinzia na mdomo wazi. Vumbi la msasa na harufu za rangi zilipommaliza mapafu, pumzi ya kusoma ikamwishia. Mke akavaa miwani, akawa anamsomea kitandani. Zamu ilikuwa imefika kwa Ayubu.

"Tumefika kwa Ayubu wakati mzuri kweli," alinung'unika. "Nyumba ina mgonjwa, sisi tunasoma majipu ya watu."

"Soma, mama."

Dada wa mume alipokuja kumwona mgonjwa, alimvuta mke jikoni. "Wifi, utamuua kaka yangu kabla ya siku zake. Msomee ya kutia moyo!"

Mke wala hakuhitaji kubembelezwa. Alirudi chumbani, akamkuta mume amefumba macho. Akashika kurasa nyingi kwa mkupuo, akazifunua, akaanzia mwishoni kabisa, pale Ayubu anaporudishiwa mifugo na watoto.

Mgonjwa akafumbua jicho moja. "Hao marafiki zake wamenyamaza saa ngapi?"

"Wamechoka."

"Wale? Wale hawachoki. Umeruka, mama."

"Nimeruka, ndiyo! Anapona, baba watoto. Nataka usikie kwamba anapona."

Mume akakohoa mpaka akashika ukingo wa kitanda. "Ayubu mwenyewe hakurukishwa," akasema pumzi ziliporudi. "Alikaa majivuni, hajui kama kuna mwisho. Na mimi nipo hapohapo. Ukikimbilia mwisho, unaniacha peke yangu."

Mke akamkumbuka jirani aliyefiwa na kichanga, jinsi alivyomtupia mstari mlangoni bila hata kukaa.

Akarudisha kurasa. Akamsoma Ayubu akimlalamikia Mungu waziwazi, akimuuliza kwa nini anajificha. Hakulainisha neno. Miaka yote hiyo kanisani, hakuwahi kusikia kwamba mtu anaweza kumpigia Mungu kelele hivyo na bado akabaki mtu wake. Akawa analia anasoma, anasoma analia. Mume akaweka mkono juu ya goti lake, mkono wenye rangi nyeupe iliyogoma kutoka pembeni mwa kucha.

Sura ikiwa imebaki mistari michache, mkono ule ukawa mzito. Kifua kilichokuwa kikipiga mluzi wiki nzima kikanyamaza. Alijua. Wifi yake alikuwa jikoni anaosha vikombe. Angemwita, angekuja mbio. Hakumwita. Ayubu alikuwa bado anauliza, hajajibiwa lolote. Akafuta miwani kwa upindo wa gauni, akasoma polepole, neno kwa neno, mpaka sura ikaisha. Ndipo akaita.