Isale Juu ya Kaunta ya Maktaba

Kulikuwa na muhuri niliokuwa naupenda kuliko pete yangu ya ndoa. Ulikuwa na neno moja tu, HAITOKI, kwa wino mwekundu, na niliugonga kwa nguvu mpaka wanafunzi waliokuwa wanasinzia kwenye maktaba ya chuo chetu pale Moshi wakainua vichwa. Kila tasnifu, kila ripoti, kila mswada ulioletwa na mwalimu wetu, pa! HAITOKI. Kisha kabatini, na ufunguo shingoni kwangu. Waliniita Mama Kufuli. Nilijifanya sisikii, lakini moyoni nililipenda jina lile.

Msinihukumu haraka. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kila kitu kimeachiwa soko, na majarida ya kitaaluma ya ng'ambo tulikuwa tumeacha kuyapata moja baada ya jingine kwa sababu bei ilivyopandishwa chuo hakikuiweza. Walimu wetu walifanya utafiti hapa hapa mlimani, wakauliza watu wetu, wakapima udongo wetu, makala zikachapishwa huko mbali, halafu sisi wenyewe hatuna ruhusa ya kuzisoma mpaka tulipie. Jamani! Kwa hiyo kile kidogo nilichokuwa nacho nilikilinda kama kuku mwenye vifaranga.

Siku moja ya kiangazi akaingia mzee mmoja kutoka Kilema, huko juu mlimani. Alikuwa amevaa koti la suti lililopauka, na mabuti yake ya mpira alikuwa ameyapangusa vizuri mlangoni kabla ya kukanyaga sakafu yangu. Hilo lilinipendeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nimefuata maji yangu."

Nilidhani anataka maji ya kunywa. Akakaa, akaeleza polepole. Yeye alikuwa msimamizi wa mfongo, ule mtaro waliouchimba mababu kutoa maji kwenye chemchemi huko juu na kuyashusha vihambani, kwenye migomba na kahawa, kila ukoo kwa siku yake. Mwalimu mmoja wa chuo chetu alitembea naye viangazi viwili akipima maji yale, akalala kwake, akala ndizi zake. Kisha akaandika makala, naye akaenda kusoma Ulaya. Sasa kijiji cha chini kilitaka bomba kwenye chemchemi ile ile, na ofisi ya maji ilikuwa imeziita pande zote mbili Alhamisi ya wiki inayofuata.

"Wenzetu wana ramani na barua," akasema. "Sisi tuna midomo. Tumeambiwa mfongo usio na maandishi utafungwa. Na maandishi yapo. Yako kwako."

Alikuwa sahihi. Mswada wa mwalimu yule ulikuwa kabatini, na niliugonga mimi mwenyewe. Kwenye faili lake kulikuwa na barua ya wenye jarida, iliyosema kwamba makala ile kama ilivyochapishwa ni mali yao, na mtu yeyote asiitoe bila idhini. Nikamwambia vile vile.

"Hairuhusiwi, mzee. Ni mali ya waliochapisha."

"Mali gani? Maji?"

"Maandishi."

Akanitazama kama mtu aliyekuta ng'ombe wake kwenye zizi la jirani. Halafu akalipuka. "Nyie ni wezi! Mlikuja kwangu na kamba na vijiti, mkala ndizi zangu, mkachukua habari za maji yangu, leo mmezifungia kabatini! Wezi wenye miwani!"

Wanafunzi wote wakageuka kututazama. Akavaa kofia akatoka. Mimi mwizi? Mimi? Siku ile niligonga muhuri mpaka kidonda cha wino kikabaki mezani.

Siku ya tatu akarudi. Nikajiandaa, maana na mimi nina mdomo. Lakini hakusema neno. Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa jani refu la kijani lililofungwa fundo, akaliweka juu ya kaunta. Mwanafunzi mmoja mgeni wa huku kwetu akacheka, akaniuliza kama nimeletewa mboga.

Mboga! Lile lilikuwa isale. Sisi Wachagga hupanda masale mpakani mwa kihamba ili kila mtu ajue mwisho wa chake. Na ni jani hilo hilo unalompelekea mtu uliyemkosea. Ukiletewa isale hukatai, hata kama mlishikiana mapanga. Nimelijua hilo tangu sijaota meno ya pili.

"Juzi nilikutukana mbele za watu," akasema. "Mtu wa umri wangu hafanyi hivyo. Nisamehe, binti."

Nikasema nimesamehe. Ningesema nini kingine? Akashukuru, akavaa kofia yake, akaanza kuondoka. Makala hakuitaja kabisa. Alikuwa amepanda gari kutoka mlimani hadi mjini, huku zimebaki siku chache mfongo wake uhukumiwe, kuniomba msamaha tu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mzee, subiri," nikasema. "Kaa hapo. Tafadhali."

Nikachukua faili nikaenda nalo kwa mkuu wa maktaba, mama mpole asiyejua kupaza sauti. Nikamweleza yote huku machozi yako karibu. Akasoma ile barua. Akaigeuza.

"Na huku nyuma umesoma?"

Nyuma wapi? Barua ilikuwa na upande wa pili. Yesu na Maria! Ilisema waziwazi kwamba mwandishi ana haki ya kuweka mswada wake mwenyewe, ule wa kabla haujapangwa jaridani, kwenye maktaba ya chuo chake, na maktaba inaweza kumpa nakala yeyote anayeomba. Faili lile lilikaa kwangu zaidi ya mwaka. Mkutubi mzima, kazi yangu kuwahimiza watu wafungue kurasa, na mimi sikugeuza karatasi moja! Nyani haoni kundule, ndiyo mimi.

"Basi kampe," mama akasema. "Na Kiingereza chenyewe mzee atakisomaje? Mwandikie kwa Kiswahili."

Nikakaa na mzee mchana kutwa kwenye meza ya dirishani, mimi natafsiri, yeye anasikiliza na kunisahihisha. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba chemchemi ile haikauki, na hata kiangazi maji yake yanatosha mfongo na mahitaji ya nyumbani ya kijiji cha chini. Mzee akapiga goti lake kwa furaha. "Si nilisema!"

Nikafungua ukurasa unaofuata, nikanyamaza.

"Mbona kimya?"

Kweli nawaambia, nilitaka kuruka. Nilikuwa nimemkosea mzee huyu, nikatamani nimpe kitu kitamu kitupu, kisicho na mwiba. Lakini nikasoma. Mwalimu aliandika kwamba maji mengi ya mfongo yanapotelea njiani, kwa sababu kingo zimebomoka na wenyewe hawazitengenezi kama zamani.

Mzee akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Zamani nikipiga pembe, ukoo wote unatoka na majembe," akasema. "Sasa kahawa haina bei, vijana wameshuka mjini kwenye biashara. Nikipiga pembe tunakuja wazee watupu, tunakohoa." Akairudisha kofia kichwani. "Andika. Usiliruke."

"Watakupiga nalo, mzee."

"Andika, binti. Na karatasi hii nani anaruhusiwa kuisoma?"

"Yeyote anayeomba."

"Hata wale wa bomba?"

"Hata wao."

"Basi toa mbili. Ya kwao nitaipeleka mwenyewe. Nikisimama peke yangu kusema maji yanatosha, nani ataniamini?"

Alhamisi niliomba ruhusa nikapanda Kilema kwenye kikao cha ofisi ya maji, nikakaa benchi la nyuma. Katibu wa kijiji cha chini alisimama na nakala yake, akaisoma ile sehemu ya maji yanayopotea, sauti juu, kidole hewani. Mzee akainuka taratibu.

"Ni kweli," akasema. "Sasa soma na ukurasa uliotangulia."

Katibu akasoma. Maji yanatosha wote. Watu wakaanza kuongea, wakaongea mpaka jua likahama dirisha. Mwishowe bomba likapita, mfongo ukabaki, na wa chini wakakubali kuja na majembe siku za kutengeneza mfongo. Lakini kwa kuwa maji mengi yalikuwa yanapotelea njiani, siku moja ya zamu ya mfongo ilibidi itolewe kwa bomba, na kila ukoo ukainamisha kichwa. Mzee akatoa siku ya kihamba chake.

Nje akanishika mkono. "Aika mae," akaniambia, asante mama, kwa lugha ya nyumbani. Nililia pale pale, wala sikujificha.

Muhuri nikautupa mtoni. Kabati nikalifungua, miswada ikapangwa kwenye rafu ya wazi, na chuo kilipokuja kupata tovuti, nilimwandikia mwalimu yule, akajibu kutoka Ulaya kwamba tuweke wa kwake kwanza, pamoja na tafsiri yangu. Hiyo hadithi nimeisimulia kwenye semina nyingi, na watu hupiga makofi. Sehemu inayofuata huwa siisemi.

Lile jani la mzee nililitunza kwenye Biblia, nikapanda shina la isale nyumbani kwangu Njoro, hapo Moshi mjini. Lilipotoa majani ya kutosha nikakata moja, nikalifunga fundo, nikapanda Kilema. Maana yeye aliniomba msamaha na mimi nikaupokea, wakati mwenye kosa nilikuwa mimi.

Akalipokea kwa mikono miwili. "La kosa gani?"

"Sikugeuza karatasi," nikasema.

Hakucheka. Akaniongoza kati ya migomba yake, majani yakiwa yamekunjamana kwa kiangazi, mpaka ukingoni mwa mfongo. Ilikuwa ile siku aliyoitoa. Mtaro ulikuwa mkavu, na chini kule tukasikia akina mama wanaitana kwenye bomba, ndoo zinagongana.

"Unasikia?" akasema mzee. "Hayo ndiyo maji yangu."