Mashine Ilipomwita Achieng

Cheka ukitaka, nitakungoja umalize. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Kampala, miaka michache baada ya vita, mchana, nikiwa na akili zangu zote na cheti cha shule ya jioni ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia.

Niliajiriwa kuangalia kompyuta ya ofisi iliyojumlisha alama za mitihani. Usifikirie hizi za mezani. Ile ilikuwa kubwa kama mabasi mawili, na baridi ya chumba chake ingegandisha supu. Mzee Kato, aliyenifundisha kazi, alinionya jambo moja tu. Katikati ya programu palikuwa na mstari uliotoka nje ya hesabu na kuiamuru mashine yenyewe: simama, mwite Achieng, subiri ajibu. Achieng, Mkenya aliyeiandika, alitaka kukagua alama kabla hazijachapwa. Alikufa wakati wa vita. Programu haikujua, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

“Jina likitokea, wewe mwenyewe andika neno ‘ndiyo’, upesi,” Kato aliniambia. “Ukichelewa atakuja kujibu mwenyewe. Na haondoki, ssebo, mpaka apate wa kumwachia zamu.”

“Basi akija nimpikie chai, mzee?”

“Mpikie. Mtainywa milele.”

Siku moja Kato aliugua. Nikaianzisha programu, nikafunga mlango, nikavuka barabara kununua chapati, nikijua nitarudi kabla ya mstari ule. Mvua ikanishika kibandani. Mvua gani ile? Ilimwagwa kwa mapipa. Mara, kwenye dirisha la ofisi, nikaona taa nyekundu ya kusubiri imewaka. Niamini, nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki mtaroni.

Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ufunguo. Ndani, mwanamke alikuwa ameketi kwenye kiti changu, amenipa mgongo. Sakafu ilikuwa kavu, ila pale nilipotiririka mimi.

“Umechelewa, kaka,” alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana. “Unaitwa nani?”

Wewe ungefanyaje? Mimi nililelewa kumjibu mtu anayeniuliza kwa heshima. Nikalitaja jina langu. Akaandika ndiyo, kisha akaandika kitu kingine, polepole. Mashine ikaanza kuchapa.

“Asante,” akasema. Kiti kikawa kitupu.

Kato aliporudi, aliifungua programu akanionyesha mstari ule. Palipokuwa na jina la Achieng palikuwa na langu.

Niliacha kazi. Siku hizi nauza mitumba Ntinda, na kucheka nacheka kama zamani. Lakini programu ile bado inatumika, na kila ikifika pale, popote nilipo, vidole vyangu huandika ndiyo hewani. Wateja hudhani nawapungia. Haya, hiyo ni sasa, nikiwa hai. Nikifa je?

Wewe unayesomea kompyuta, sikia. Mstari unaoiamuru mashine imwite mtu, ufute wakati mtu huyo bado anapumua. Na ukiukuta wangu, nakusihi, usitoke kwenda kununua chapati. Jibu upesi.