Kila Mashine na Anwani Yake

Juzi nilikuwa kwenye mkahawa wa intaneti mtaani Hai Jalaba wakati barua pepe ya mama mmoja ilipokataliwa. Alikuwa anamwombea mwanawe nafasi ya shule Kampala, na siku ya mwisho ilikuwa hiyo hiyo.

"Malesh, pole mama," akasema mwenye mkahawa, Mganda. "Mashine yote hapa iko na anwani moja. Mtu moja anatuma takataka, sisi wote tunafungiwa."

Samaki mmoja akioza, nikawaza.

Kando yangu aliketi fundi Mkenya aliyekuja mtaa wa Thongpiny kufundisha anwani mpya za intaneti, ambazo nchi za Afrika na wenzao wa nje wanasaidiana kuzieneza.

"Za zamani zinakwisha, ndiyo maana mnatumia moja," akatueleza. "Hizi mpya ni nyingi. Kila mashine itapata yake, na anayeharibu atafungiwa peke yake."

"Kwais, vizuri," wateja wakaitikia. Mwenye kofia mmoja hata akapiga makofi.

Mwenye mkahawa akamsogelea fundi. "Kwa hiyo tutajua takataka imetoka mashine gani?"

"Mara moja."

Yule wa makofi akaishusha kofia yake hadi kwenye nyusi. "Lakini hata hii ya zamani imetusaidia," akasema taratibu, na wengine wakaguna kukubali.

Ni yule mama tu aliyeuliza mpya zinaanza lini.

Mjini kwetu nyumba hazina namba. Kila mtu anautaka mlango wake mwenyewe, mradi namba isibandikwe.