Swali la Kumi na Moja Lilivyomtoa Getini

Saa moja asubuhi, umande haujakauka mashambani Kabuchai, na Hesbon Wakoli tayari ameangusha mistari miwili ya miwa. Viganja vyake vimejaa malengelenge. Kwa miaka kumi na mitatu mikono hiyo ilishika ufunguo, si panga.

"Hii kazi bado inanishinda bana," anasema, akipuliza kiganja. Analipwa shilingi mia na ishirini kwa tani, na hata ajikaze vipi, tani mbili kwa siku hafikishi.

Hadi Machi mwaka huu wa 2009, Hesbon alikuwa mlinzi wa ghala la mbegu mjini Kitale. Kisha kampuni ikaleta mtihani wa kupima uwezo wa kuamua: hali ngumu ishirini, kila moja na majibu manne. Atakayeanguka, kazi hana.

Swali la kumi na moja liliuliza: mtu anakimbilia geti lako akiomba kuokolewa, utafanya nini kwanza? Jibu la kampuni Hesbon alilijua vizuri. Funga, mpigie mkubwa simu, ngoja.

Kalamu yake iliishia hapo. Maswali tisa yaliyobaki hakuyagusa.

"Si hiyo jibu nilikuwa nimeshaifanya?" anauliza.

Aliifanya Januari 2008, ghasia za uchaguzi zilipopamba moto. Bilha, aliyemuuzia uji hapo getini kila asubuhi, alikuja mbio, vijana wenye marungu wakimfuata. Hesbon alifunga, akapiga simu. Mkubwa alishika simu alipopigiwa mara ya tatu, akasema fungua. Bilha alikuwa ameshaanguka barabarani, na hakuamka tena.

"Aliniita kwa jina," Hesbon anasema. Anakata miwa mitatu.

Kinachomtafuna zaidi ni Peris, mamake Bilha. Mama huyo anaamini ufunguo siku hiyo ulikuwa ofisini, kwamba Hesbon hangeweza kufungua, na mpaka leo humtumia Hesbon salamu za shukrani kwa kumbeba binti yake hadi hospitalini. Hesbon hajawahi kumsahihisha. Inauma kumtazama Hesbon akilisema hilo.

Sasa kampuni imewaita walioanguka warudie mtihani Jumatatu. Nabwile, mkewe, aliyemletea chai shambani, hataki mchezo.

"Baba Mukhisa, wewe weka tu alama kwa ile ya kufunga, watoto warudi shule. Hiyo ni karatasi. Bilha hawezi rudi."

"Nimesikia, mama."

Anakunywa chai yote.

"Jumatatu nitaenda Kitale. Mtihani nitafanya, kama mkono itakubali. Lakini nitaanzia kwa mamake Bilha, nimwambie ufunguo nilikuwa nimeshika."