Jumapili Waliyoikalia Ngazi Yetu

Wiki iliyopita nilipita Kiponda kwa shughuli zangu, nikaikuta nyumba tuliyokulia imepakwa chokaa mpya na kutiwa mlango wa kioo. Imekuwa hoteli. Nikamwomba kijana wa mlangoni aniruhusu nichungulie. Akaniuliza kama nataka chumba. Nikamwambia nataka kuona ngazi tu. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu mzima aliyeanza kupotewa na akili, lakini alikuwa na adabu, akanifungulia. Ngazi ipo. Wameitandika zulia, na mbao zake hazilii tena mtu akipanda. Nilisimama pale chini mpaka nikaona haya, nikashukuru, nikatoka.

Ngoja nikusimulie, maana wewe hukuijua nyumba ile wakati wetu.

Tulikaa chumba cha juu, mimi na wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike. Mama alitangulia mbele ya haki, baba akamfuata kabla mvua za masika yaliyofuata hazijakatika. Nikaacha skuli nikiwa kidato cha kwanza. Alfajiri nilikaanga maandazi, mdogo wangu wa kiume akayapeleka kwa muuza chai kabla ya kwenda skuli, na mchana nilifua mashuka ya watu. Chumba kilinuka iliki na mafuta ya moto siku zote. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo nahisi nimechelewa mahali.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yangu. Kanisani kwetu watoto walikuwa na darasa lao katika chumba cha nyuma, kilichowekwa viti vibovu na ngoma za kwaya. Mwalimu wao alikuwa mama mtu mzima, mshoni wa nguo, mwenye sauti nene kuliko ya mchungaji. Aliniona nimekaa kizingitini nikiwasubiri wadogo zangu, akaniambia nisikae bure, niingie nimshikie wale wachanga. Hakuna aliyenipa cheo. Nilianza kwa kuwafuta makamasi, nikaja kufundisha nyimbo za kupiga makofi, mwishowe nikapewa hadithi za Daudi na Yusufu. Nilizisoma Jumamosi huku unga ukiumuka, nisije nikakwama mbele ya watoto. Kusoma kwangu kuliponea hapo, vinginevyo ningeshasahau hata herufi.

Baada ya darasa tuligawa uji wa mchele uliotiwa nazi. Ramadhani ikiingia tuliunywa madirisha yamefungwa, na kabla hatujatoka mwalimu alimkagua kila mtoto mdomo, tusipite mbele ya waliofunga na masharubu ya uji.

Kisha ndiyo ikaja kazi yangu hasa, ya kuwarudisha makwao. Wazazi wengi wa kanisa letu walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta riziki, na kazi za hoteli hazijui Jumapili. Mwalimu alikuwa na sharti lake: mtoto hukabidhiwa mkononi, haachwi mlangoni. Basi tulipita vichochoroni tumeshikana mikono, mimi nikiamkia kila baraza na watoto nyuma yangu wakiirudia Shikamoo kama kiitikio. Penye mtu, nilikabidhi. Pasipo na mtu, mtoto alikuja kwetu mpaka mzazi wake atoke kazini. Kwa hiyo Jumapili mchana chumba chetu kilikuwa kimejaa watoto wa watu, wakiimba, wakigombea mto mmoja wa kulalia.

Chini yetu alikaa Bi mmoja wa Makunduchi, mjane, mtu wa swala tano. Alikuwa akilalamika kwamba nyimbo zetu zinampotezea hesabu ya tasbihi. Siku tukinyamaza, alipiga kelele kutoka chini kuuliza mbona leo hatumwimbi Nabii Yunus na samaki wake.

Jumapili moja nilipofika na msururu wangu, nilimkuta baba mkubwa amekaa barazani, mkoba miguuni. Alikuwa ametoka Muheza, amevuka na boti. Nilimwamkia, na msururu mzima ukamwamkia. Aliitikia marahaba mpaka akachoka, akaniuliza hawa wote ni wa nani. Nikamwambia ni wa watu.

"Na wa kwetu wako wapi?"

Wa kwetu walikuwa humo humo, katikati.

Tulipopanda juu akaniambia lililomleta. Ukoo ulikuwa umekaa na kuamua. Mdogo wangu wa kiume angekwenda naye Muheza, asome huku akisaidia shamba la machungwa. Wa kike angepelekwa Korogwe kwa shangazi. Mimi ningetafutiwa nyumba ya kufanya kazi Dar es Salaam. Safari ilikuwa kesho yake asubuhi. Hakulisema kwa ukali. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani alilia njiani.

"Wewe mwenyewe mtoto, mwanangu," alisema. "Utawalea vipi?"

Nikainama kuchochea makaa ya seredani. Nilipika muhogo wa nazi, tukala sote kwenye mkeka, yeye na watoto. Baada ya kula kitoto kimoja cha kike kikalala kimeegemea mguu wake. Baba mkubwa hakuusogeza mguu ule alasiri nzima.

Wa kwanza kuja kumchukua mwanawe alikuwa mama mfuaji wa hoteli moja ya Shangani, bado ananuka sabuni. Akamsalimia mgeni, akauliza habari za bara, na baba mkubwa, kwa kuwa hakuona la kuficha, akamweleza. Yule mama akasema, "Aaa." Kisha akakaa kwenye ngazi ya juu kabisa. Mwanawe akamvuta kanga waende nyumbani. "Tulia," akamwambia, "tuna mgeni."

Akaja baba mmoja mchukuzi wa bandarini. Naye akasalimia, akasikia, akakaa ngazi ya chini yake. Wakaja wengine, kila mmoja amechoka, ana nguo za kufua na chungu kinachomsubiri, na kila mmoja akakaa. Bi wa Makunduchi akapanda na birika la chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, akagawa vikombe, kisha akashuka akajitandaza kwenye ngazi ya mwisho, mwili wake ukiijaza kutoka ukutani hadi ukutani. Mwishowe akafika mwalimu. Kwa kuwa hakukuwa na pa kukaa, alisimama nje mlangoni.

Hakuna aliyemkatalia baba mkubwa neno. Walizungumza bei ya karafuu, wakasifu machungwa ya Muheza, wakauliza mvua zikoje huko. Sijui kama umewahi kuona watu wa mji ule wakikataa jambo. Hawakatai. Wanakaa.

Baba mkubwa alipochoka akainuka, akataka kushuka apate hewa.

"Bi, nipishe kidogo."

"Kaa, bwana wee," Bi akamjibu kutoka chini, bila kugeuka. "Chai haijesha."

Mchukuzi akacheka, na baba mkubwa naye, bila kutaka, akacheka. Akarudi akakaa. "Haya, semeni basi," akasema.

Aliyesema ni yule mama mfuaji. "Mimi huyu wangu namwacha kwa binti yako kila Jumapili, na roho yangu inatulia. Sote hapa twafanya hivyo. Sisi tunamwamini na wetu, wewe humwamini na wake?"

Baba mkubwa akanigeukia. "Nawe unasemaje?"

"Nabaki nao, baba," nikasema. "Usitugawe."

Akaiangalia ile ngazi, watu wamejaa mpaka chini, akatikisa kichwa. Kesho yake mdogo wangu wa kiume alimbebea mkoba mpaka bandarini. Nilisimama dirishani nikikitazama kichochoro mpaka nikamwona mdogo wangu anarudi, peke yake, anapiga teke kopo.

Tangu hapo, msimu wa machungwa ukifika, gunia lilikuja na boti, na watoto wote wa darasa walikula mpaka vidole vikawanata.

Mambo yale yameondoka. Wazazi walihamia Fuoni na Tomondo, wengine walirudi bara. Bi wa Makunduchi na mwalimu hawapo tena. Mimi bado nina darasa lile, na wazazi wa siku hizi wakichelewa hupiga simu, huomba radhi, hushuka kwenye bodaboda na kumchukua mtoto hata kofia hawajavua. Siwalaumu. Lakini nikiwa na shida leo, sijui nani angekaa.

Mdogo wangu wa kike alipoolewa, baba mkubwa alivuka tena, sasa mzee wa bakora. Tulimwomba amsindikize bibi harusi mpaka mbele ya madhabahu, kama ilivyo haki yake. Akakataa mbele ya watu wote. "Mpeni dada yake," alisema. "Mimi kesi ya mtoto huyu nilishindwa zamani."

Basi nikamshika mkono mdogo wangu nikampeleka mimi. Nikiwa katikati ya kanisa niliangaza huku na huku kuwatafuta waliotushindia kesi ile. Nilimwona mmoja tu, yule mama mfuaji, kichwa chote cheupe, kwenye benchi la nyuma. Nikampungia. Hakunijibu, macho yake hayaoni mbali siku hizi. Alikuwa anamuuliza aliyekaa naye, bibi harusi ameshafika wapi.