Saladi ya Samaki Bila Mayonezi

Iyunga nzima, hapa Mbeya, hapakuwa na mwanamke aliyesonga ugali ukamtii kama Atuganile. Akiupiga mwiko mmoja, sufuria ilizunguka yenyewe mpaka mlangoni ikarudi mekoni. Msinibishie. Mimi Mbuke nilimpelekea maziwa kila asubuhi kutoka Ilomba, nilikohamia na ng'ombe wangu wachache baada ya kuichoka mbuga ya Usangu, na jiko lile nalijua.

Lilikuwa jiko la nyumba ya wageni ya kampuni moja ya barabara. Atuganile alikuwa mpishi msaidizi. Mpishi mkuu alikuwa amezeeka akarudi kwao, nafasi ikabaki wazi, na mwenye kuipata hupewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya uwanja. Nyumba hiyo ndiyo iliyomkosesha Atuganile usingizi. Mumewe, Ambrosi, alikwenda Zambia kuchimba shaba, ikarudi habari ya kifo bila maiti. Baba mkwe, Mzee Mwaijande wa Tukuyu, akamchukua mjukuu wake, Esta, maana mama mtu alikuwa analala stoo, juu ya magunia ya viazi. Mzee akatuma neno: "Mtoto wa mwanangu halali stoo. Siku mama yake akiwa na mlango wake wa kufunga, atapewa mtoto."

Kumwendea huyo mzee akamlilie hakuweza. Kwao Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akimsikia anakuja njiani, mwanamke anajitupa kwenye migomba na kujifunika. Chumba kimoja hawakai, na jina lake halitamki. Mimi Msukuma nilikuwa namcheka.

"Mwenzangu, huyo ni mkwe au simba?"

"Ni mkwe, mama Mbuke. Simba angenila mara moja yakaisha."

Basi mwaka wa sabini na tano, wakati wa baridi, meneja akaingia jikoni. Bwana Edmund, Mhehe wa Iringa, mrefu, amesoma Ulaya akarudi na tumbo la huko. Akaweka mezani makopo ya samaki aliyotoka nayo Dar es Salaam.

"Jumamosi nina wakubwa kutoka Iringa," akasema. "Nataka saladi ya samaki. Ikiwapendeza, nakuita mezani mwenyewe, nawaambia mpishi mkuu ndiye huyu. Jioni hiyo unahamia nyumbani kwako."

"Inatiwa nini, Bwana?"

"Samaki, kitunguu, na mayonezi. Rojo nyeupe hivi, ya mayai mabichi na mafuta. Itafute."

Itafute wapi? Mwaka ule maduka ya Mbeya yalikuwa yamebaki na rafu, na mwenye duka akikuonea huruma anakufutia vumbi uione vizuri. Mafuta ya kula tulikuwa tunayasikia redioni. Atuganile akajaribu parachichi. Aliliponda na samaki wa kopo la kwanza, likapendeza kama siagi, akafunika. Mchana alipofunua lilikuwa jeusi kama tope la mferejini. Akakaa chini, mikono kichwani.

"Ondoka hapo," nikamwambia. "Nikuletee maziwa ya mgando."

Mgando wangu wa wakati ule! Baridi ilikuwa kali hata ng'ombe walitoa maziwa yameshaganda chuchuni; nilikinga kwa sahani, nikakata kwa kisu. Atuganile aliutia kwenye foronya safi, akaining'iniza msumarini usiku kucha, maji yakachuruzika, ikabaki kitu kizito, cheupe, kama krimu. Akachemsha mayai, akaponda viini mpaka vikawa unga, akakoroga humo. Ndimu, chumvi, pilipili manga kidogo. Mafuta ya kopo hakumwaga, alitia kijiko kimoja ndiyo harufu ikawa ya samaki. Halafu samaki wenyewe, amewachambua kwa vidole, na vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi visiume, na karoti ya kukwaruza. Nikaonja. Sisi watu wa ng'ombe samaki si chakula chetu, lakini siku ile nililamba mpaka ua lililochorwa kwenye sahani likafifia.

"Imekuwa?" akauliza.

"Kafagie nyumba yako," nikamjibu.

Jumamosi wageni wakaketi. Filemoni, mhudumu wa meza, kijana wa Kibena mpole, akapeleka saladi. Atuganile alichungulia upenyo wa mlango aone wanavyoila. Akarudi nyuma, akanishika kanga.

"Yule wa Tukuyu yumo," akanong'ona.

Kumbe barabara ilikuwa ipite kwenye mashamba ya chai ya wazee wa Rungwe, na Bwana Edmund alikuwa amewaalika wawili watatu kuwalainisha. Mzee Mwaijande amekaa katikati yao, koti jeusi, kofia magotini, na anakula! Anakula kama mtu anayelipiza kisasi. Tukamsikia anasema, "Meneja, samaki huyu amepikwa na nani? Nimpe mkono."

Bwana Edmund akaita kwa sauti, "Mpishi! Njoo hapa!"

Atuganile hakusogea.

"Nenda," nikamsukuma. "Jifunike kanga, uingie kinyumenyume, utoke."

"Nikiingia, yeye atasimama atoke, mbele ya watu wote. Nitakuwa nimemfukuza mezani. Atanipa mtoto tena huyo?"

"Na usipoingia?"

Bwana Edmund akaita tena, sasa kwa ukali. Atuganile akavua aproni, akamvalisha Filemoni aliyekuwa amerudi jikoni.

"Kaka, nenda wewe kama mtu wa jikoni. Waambie mpishi anaumwa."

Filemoni akaenda. Mzee Mwaijande alipoiona aproni akainuka, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Ndaga, mwanangu, ndaga fijo! Umetulisha." Wakubwa wa Iringa wakapiga makofi. Filemoni akafungua mdomo, akaufunga. Bwana Edmund akatazama mlango wa jikoni, akatazama makofi. Hakuwa mtu wa kuita mara tatu. "Ndiyo," akasema, "mpishi wetu mkuu mpya."

Jioni Filemoni alikuja jikoni analia. "Dada, nilitaka kusema."

"Najua," Atuganile akamwambia. "Chukua funguo za nyumba. Mkeo ana mimba."

Mimi ndiye niliyekwenda Tukuyu kumweleza mzee, maana mwenyewe angeendaje? Nikamwambia yote, samaki kapikwa na nani na kwa nini hakutoka. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Alifanya vyema asitoke," akasema. "Huyo ni mkamwana mwenye adabu. Mwambie adabu yake nimeiona."

"Na mtoto, mzee?"

"Nyumba sijaiona."

"Angeingia mle angekuwa nayo!"

"Angeingia mle asingekuwa mkamwana wangu. Mama, shuka salama, mvua inakuja."

Nimekutana na mamba mtoni Usangu, nikamtukana akaona haya akazama. Lakini mzee yule sikumpata kwa neno lolote.

Atuganile alibaki stoo kwake, akipika chini ya Filemoni. Mikutano ya barabara iliendelea, na Mzee Mwaijande akawa haikosi hata mmoja, kwa ajili ya saladi ile. Siku moja akaja na Esta. Filemoni akaja mbio mpaka kwenye bomba la maji nyuma ya jiko, ambako Atuganile alikuwa amejiinamia na kanga yake kichwani, akingoja mkwe amalize kula.

"Dada, Esta yumo ndani. Amekua! Nimwite kwa hila?"

"Yuko wapi hasa?"

"Magotini pa babu yake. Kamshika kiuno."

"Basi muache."

"Mtoto anasema aongezwe saladi."

Atuganile akanawa mikono, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, akamjazia sahani.